Rhapta: Mji wa Pwani Uliopotea

Ukimwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Pili akutajie miji ya kale ya pwani yetu, hatakawia kujibu. Atataja Kilwa, Kaole na Tongoni, na akivuka mpaka ataongeza Gedi na Pate. Miji hiyo ina bahati, maana imeacha mawe. Mgeni akifika Kilwa Kisiwani huonyeshwa Msikiti Mkuu, na akifika Kaole huonyeshwa makaburi yenye nguzo, naye akiona mawe huamini kwamba hapo paliishi watu. Lakini mji uliotangulia yote hiyo kuandikwa habari zake haukuacha hata ukuta mmoja unaojulikana. Jina lake ni Rhapta, nalo hutamkwa Rapta.

Huenda msomaji akauliza, sisi wa Nangwa tuuonao Mlima Hanang kila asubuhi, na ambao wengi wetu hatujapata kuiona bahari, twatafuta nini huko pwani? Namwomba avumilie kidogo. Tutarudi Hanang kabla ya kumaliza.

Habari za Rhapta zimo katika kitabu kidogo kilichoandikwa kwa Kiyunani, katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake hakutaja jina lake. Alikuwa mfanya biashara wa Misri, na kwa jinsi anavyoandika yaonekana alizijua bandari nyingi kwa macho yake mwenyewe. Kitabu chake huitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, na kwa jina hilo Wayunani walikuwa na maana ya Bahari ya Sham pamoja na Bahari ya Hindi. Si kitabu cha hadithi. Ni mwongozo wa biashara: bandari fulani iko hapa, ukifika uza hiki, nunua kile, safiri mwezi fulani, jihadhari na mwamba fulani. Mtu wa duka angekielewa upesi kuliko mtaalamu wa fasihi.

Na tazama jinsi habari zilivyonusurika. Nakala kongwe ya kitabu hicho iliandikwa kwa mkono katika karne ya kumi, yaani miaka mia tisa hivi baada ya mwandishi kufa, nayo imehifadhiwa mjini Heidelberg, Ujerumani. Iliyopo zaidi ya hiyo ni nakala iliyotokana nayo. Kama panya wangaliitafuna nakala ile moja, tusingalijua leo kwamba katika pwani yetu palikuwa na watu walioshona vyombo vyao, wakalima mashamba yao na kuuza pembe zao katika siku zile za Mitume.

Basi kitabu chasemaje? Chasema kwamba marikebu ikitoka Misri hushuka Bahari ya Sham, huzunguka ile pembe ya Wasomali, kisha hufuata pwani kuelekea kusini, pwani ambayo wao waliiita Azania. Baada ya siku nyingi hufika penye kisiwa kiitwacho Menouthias, kilicho tambarare na chenye miti, mito na ndege wa namna nyingi. Wenyeji wa kisiwa hicho walivua samaki na kasa, wakitumia mitumbwi ya kuchongwa na vyombo vya kushonwa. Tena walikuwa na namna yao ya kuvua: hawakutega nyavu, bali walitega vikapu vya kusukwa katika midomo ya vijito ambamo maji hupwa na kujaa. Mtu yeyote wa pwani akisoma maneno hayo atacheka kwa furaha, kwa sababu ataona ni dema lile lile alilolitega babu yake. Mwandishi aongeza kwamba kisiwani palikuwa na mamba wasiomdhuru mtu. Mimi nadhani aliona kenge.

Kutoka kisiwa hicho, mwendo wa siku mbili za tanga, ndipo ilipokuwa Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania. Mbele yake, asema mwandishi, ni bahari ambayo haijapata kuchunguzwa.

Jina lenyewe si la wenyeji. Ni neno la Kiyunani lenye maana ya vitu vilivyoshonwa, na mwandishi aeleza wazi kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake. Hapa yafaa tutue tueleze, maana mwanafunzi wa bara aweza kushangaa jinsi chombo cha mbao kinavyoweza kushonwa kama shati. Fundi hupasua mbao akazipanga ubavu kwa ubavu, akazitoboa matundu kandokando, kisha akapitisha kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, akazikaza sana na kuyaziba matundu. Hapana msumari hata mmoja. Chombo cha namna hiyo kikigonga mwamba hakivunjiki upesi kama kilichopigiliwa misumari, maana hulegea kidogo na kurudi. Lakini huvuja, na mabaharia hawana budi kuyateka maji daima. Tusidhani kwamba ufundi huu ulikufa zamani sana. Mtepe, chombo cha kushonwa chenye tanga la mkeka, uliendelea kuundwa upande wa Lamu na visiwa vya Wabajuni hata karne ya ishirini. Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe mwingine Unguja, kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, ili ujuzi usipotee kabisa.

Sasa tuje kwenye biashara. Vitu vilivyoletwa Rhapta vilikuwa mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen iliyokuwa karibu na Mokha ya leo, na shoka, na visu, na misharasi midogo ya kutobolea, na shanga na vitu vingine vya kioo vya namna nyingi. Mahali pengine palipelekwa pia divai na nafaka, lakini mwandishi asema hivyo havikuwa vya kuuzwa, bali vya kuwakirimu wenyeji ili wapatane nao. Naipenda sana habari hiyo ndogo. Yaonyesha kwamba mgeni hakufika pale kama bwana; alifika na zawadi mkononi, akijua kwamba asipokubaliwa na wenye nchi atarudi na shehena yake.

Na vitu vilivyotoka Rhapta? Pembe za ndovu kwa wingi sana, ingawa hazikuwa nzuri kama zile za Adulis, huko Eritrea. Vipusa vya faru. Na magamba ya ng'amba, ambayo mwandishi ayasifu kuwa bora kuliko yote isipokuwa yale ya Bara Hindi. Ng'amba ni wa baharini. Lakini faru hakai baharini, wala ndovu hazaliwi penye mikoko. Mtu wa bara alimwinda, mtu akayabeba mapembe, mtu akakadiria bei, na mtu wa pwani akayapokea. Mwandishi hakuwaona watu hao wa nyuma, kwa hiyo hakuwaandika. Sisi tusioishi pwani twapaswa kuisoma orodha ile ya bidhaa kwa makini kuliko wengine, kwa sababu nusu yake ni habari za bara.

Kuhusu watu wenyewe kitabu kina maneno machache, lakini maneno hayo yamebishaniwa sana. Chasema walikuwa watu wenye miili mikubwa, walimaji, na kila mahali walikuwa na wakubwa wao waliojitawala kama machifu. Kisha chasema kwamba nchi ile ilihesabiwa kuwa chini ya liwali wa Mapharitis, huko kusini magharibi ya Arabuni, kwa haki ya zamani, na kwamba wafanya biashara wa Muza walikusanya ushuru wake. Nao walipeleka huko vyombo vyenye manahodha na mawakili Waarabu, waliokuwa wamezoeana na wenyeji, wameoa kwao, na wanaijua lugha yao.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Kwa miaka mingi, hasa wakati wa ukoloni, vitabu vingi viliandika kana kwamba pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa tupu mpaka wageni walipokuja kujenga miji. Waliosoma hivyo walilishika neno lile la ushuru, wakaliacha lile la lugha. Lakini fikiri: ni nani hujifunza lugha ya mwenzake? Muuzaji akienda sokoni kwa watu wengi hujifunza lugha ya wale watu. Wao hawajifunzi yake. Kama Rhapta ingekuwa kituo cha wageni tu, wenyeji wangalijifunza Kiarabu cha Muza. Kitabu chasema kinyume: mgeni ndiye aliyejifunza, na mgeni ndiye aliyeoa. Mji ulikuwa na wenyewe.

Miaka mia hivi baadaye, karibu na mwaka 150, mtaalamu wa jiografia Ptolemy, aliyekaa Iskanderia katika Misri, aliitaja Rhapta tena. Safari hii haikuitwa bandari tu, bali mji mkuu, uliokuwa ndani kidogo kutoka baharini, kando ya mto wa jina hilo hilo. Maana yake ni kwamba katika miaka ile mia mji ulikuwa umekua, au angalau sifa zake zilikuwa zimekua. Ptolemy alipata pia habari za Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka Bara Hindi akasukumwa na upepo wa kaskazini siku 25, mpaka akakaribia Rhapta. Huo bila shaka ni kaskazi wetu. Akaandika tena juu ya maziwa makubwa ya bara yanayoulisha Mto Naili, na milima yenye theluji. Habari hizo hazikuokotwa ufukoni. Lazima zilitoka kwa watu wa bara, zikapita mdomo kwa mdomo mpaka sokoni Rhapta, na kutoka hapo mpaka Misri. Miaka 1,700 baadaye, mwaka 1848, Mjerumani Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro, wataalamu wengine wa Ulaya walimkatalia.

Baada ya Ptolemy habari zinafifia, kisha hazipo. Rhapta haikuangushwa katika vita yoyote iliyoandikwa, wala haikuhamishwa kwa amri ya mfalme yeyote tunayemjua. Wenye kuandika waliacha kuja, au waliokuja hawakuandika.

Ilikuwa wapi basi? Wengine wamesema Pangani, kwa sababu Ptolemy ataja mto. Wengine wamesema karibu na Dar es Salaam, na wengine delta ya Mto Rufiji. Msomaji mwenye rula na ramani anaweza kujaribu mwenyewe. Periplus yasema kisiwa cha Menouthias kilikuwa mbali na bara kiasi cha stadia 300. Stadia moja ni kama mita 185, kwa hiyo ni kilomita 55 na nusu. Pemba iko mbali na bara kilomita 50 hivi, Unguja ni karibu zaidi, na Mafia ni karibu kuliko zote mbili. Kwa hesabu hiyo Pemba yashinda. Lakini Pemba haina mito mikubwa, na baharia anayekadiria masafa kwa jicho aweza kukosea. Haya, chukua hesabu ya pili. Mwendo wa siku moja wa tanga wataalamu huukadiria kuwa stadia 500, basi siku mbili ni kilomita 185. Ukianzia Pemba kuelekea kusini, utafika karibu na Dar es Salaam. Ukianzia Unguja, utafika delta ya Rufiji. Ukianzia Mafia utakuwa umeipita Kilwa, unaelekea Lindi. Kwa hiyo ugomvi wote wa mji hutegemea ugomvi wa kisiwa, na ugomvi wa kisiwa hutegemea jicho la baharia mmoja wa miaka elfu mbili iliyopita.

Mimi naelemea upande wa Rufiji, na sababu yangu si hesabu tu. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza katika jarida la kitaalamu kwamba katika uchimbaji wake huko Mkukutu, karibu na Kibiti, zilipatikana shanga za kioo alizozitambua kuwa kazi ya mafundi wa milki ya Rumi. Shanga ni kitu kidogo sana, chaweza kupotea katika kucha. Lakini kumbuka ile orodha ya bidhaa: mikuki, shoka, visu, misharasi, vioo. Kabla ya hapo Profesa huyo alikuwa amechimba Limbo, kusini ya Dar es Salaam, akaonyesha kwamba watu wa karne zile za kwanza waliyeyusha chuma huko na kufinyanga vyungu vya mtindo ujulikanao kama wa Kwale. Kwa hiyo mkuki wa Muza haukuuzwa kwa watu wasiojua chuma. Uliuzwa kwa watu wenye chuma chao, waliotaka cha kigeni pia, kama mtu mwenye kiatu cha kushona kwa fundi wa Katesh anavyotamani kiatu cha dukani.

Miaka ya karibuni ilisikika pia kwamba mzamiaji mmoja ameona majengo chini ya maji karibu na Mafia, na magazeti yakaandika upesi kwamba Rhapta imepatikana. Yafaa kungoja. Miamba ya baharini nayo hujipanga kama kuta, na mpaka leo haijathibitika kwamba mikono ya watu ilipita pale.

Tena nashangaa kwa nini tunatafuta kuta. Majumba ya mawe ya matumbawe, kwa sehemu kubwa, yalianza pwani karibu miaka elfu baada ya kitabu kile. Watu wa Rhapta yaelekea walijenga kwa miti, udongo na makuti, na mji wa namna hiyo ukiachwa hauchukui hata kizazi kimoja kutoweka. Wanafunzi wa Hanang wanalijua jambo hili kuliko watu wa Kilwa. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, familia nyingi zilihama zikaacha tembe na maboma yao. Nenda leo ukatafute. Dari la tembe limeanguka, udongo umerudi kuwa udongo, miti imeliwa na mchwa, na juu yake pengine pamelimwa mahindi au mbaazi. Mzee atakuonyesha mahali pa boma kwa alama moja tu: majani yaliyo mabichi kuliko mengine, kwa sababu ya samadi iliyo chini. Alama kama hizo ndizo wachimbaji huzitafuta: badiliko la rangi ya udongo, mkaa, kigae cha chungu, taka za jikoni.

Na mto huzidisha. Rufiji huchukua udongo wa nchi kubwa sana na kuumwaga katika delta, ikiziba mkondo huu na kufungua ule, hata mahali palipokuwa gati leo pawe msitu wa mikoko kesho. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh, Gendabi na vijiji vingine, likaua watu zaidi ya 80 na kuzifunika nyumba ambazo asubuhi ya jana yake zilikuwa na moshi wa jikoni. Lile lilikuwa tope la siku moja. Rhapta, kama iko Rufiji, ina juu yake tope la miaka elfu mbili.

Nimeahidi kurudi Hanang, na kuna njia nyingine ya kurudi isiyo ya tope. Watu wale wenye miili mikubwa walikuwa akina nani? Wataalamu kadhaa, wakifikiri juu ya maneno hayo, wamesema huenda walikuwa wasemaji wa lugha za Kikushi, yaani ndugu wa kale wa Wairaqw na Wagorowa, ambao leo wako Mbulu, Babati na hapa kwetu Hanang. Profesa Chami na wenzake wamesema la, walikuwa wakulima wafua chuma wa jamii ya Wabantu, na vyungu vya Limbo ni ushahidi wao. Katika ubishi huu vyungu vina nguvu kuliko vimo, maana mtu mrefu hupatikana katika kila kabila. Hata hivyo jambo moja wataalamu wa lugha hulikubali: miaka elfu mbili iliyopita wasemaji wa lugha za Kikushi walikuwa tayari wameenea katika nchi hizi za kaskazini ya Tanzania, wakifuga ng'ombe, katika mbuga zilizojaa ndovu na faru. Vipusa vya Rhapta vilitoka katika mbuga za namna hiyo.

Kwa hiyo mwanafunzi akiwa shambani au akichunga, akaokota shanga ya kioo, kigae chenye nakshi au jiwe lililochongwa likawa bakuli, asilitie mfukoni wala asiliuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hukataza. Aache mahali alipolikuta, aweke alama, amwambie mwalimu wake wa historia, naye mwalimu atatoa taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya. Kitu kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake. Shanga za Mkukutu zilikuwa na maneno ya kusema kwa sababu zilikutwa ndani ya udongo wake, pamoja na vitu vya wakati wake. Zingeokotwa na kutungwa shingoni, zingekuwa shanga tu.

Na kama kuna wazee nyumbani wanaojua masimulizi ya wazazi wao juu ya njia za kwenda pwani, za kubeba pembe au chumvi, wahariri wa gazeti hili watafurahi kuyapokea kwa maandishi, pamoja na jina la kijiji na la msimulizi. Mabaharia wa Muza walijifunza lugha ya watu wa Rhapta, wakaoa kwao, wakala nao. Ila hawakutuandikia hata jina lile ambalo wenyeji wenyewe waliuitia mji wao.